Mama Nusu na Mstari wa Uzi Mweupe

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, poleni na asanteni. Marehemu aliomba wasifu wake usiwe mrefu na usimsifu kupita kiasi. Aliomba pia kwamba ndani yake yasomwe masahihisho ya jambo moja aliloutangazia mtaa mzima mwaka 2011, ambalo halikuwa sahihi. Nitalifikia mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kurasa zirukwe.

Alizaliwa Jumatano asubuhi, tarehe 12 Machi 1958, katika chumba kilichoshikana na karakana ya baba yetu aliyekuwa seremala. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama alikuwa akisimulia kwamba baba alikuwa anapiga randa mlango wa mteja, akasikia mtoto analia, akaacha randa pale pale. Upande mmoja wa mlango ulikuwa laini, wa pili bado una vibanzi. Mteja hakuutaka tena. Ukawa mlango wa jiko letu, na sote wanne tulikua tukiusukuma kwa upande ule laini. Marehemu alipokuja kuitwa Mama Nusu, mama alishikilia kwamba jina lilianzia kwenye mlango ule. Ukweli ni kwamba lilianzia shuleni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi Novemba 1972. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa kilimo aliwaagiza wanafunzi wamwage majivu kuzunguka matuta ya mchicha ili konokono wasipite. Kila mmoja alimwaga tuta zima. Yeye alimwaga upande mmoja, upande wa pili akauacha mtupu.

"Nani amekwambia uache nusu?" mwalimu akauliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Sasa umeacha ya nini? Majivu yameisha?"

"Hayajaisha. Lakini nikiweka kote nitajuaje?"

Wenzake walisubiri viboko. Mwalimu alimpa kazi ya kuhesabu konokono kila asubuhi kwa siku kumi na nne, pande zote mbili. Alihesabu. Siku nane za kwanza upande wa majivu ulipata konokono watatu tu. Siku ya tisa mvua ilinyesha, na tangu hapo konokono walipita pande zote kama njia yao. Karatasi ile ya hesabu mwalimu aliibandika ukutani. Wenzake walimwita Nusu, na alipozaa akawa Mama Nusu.

Hakuendelea na masomo baada ya darasa la saba. Mwaka ule mama aliugua miguu na mtu alihitajika nyumbani. Hatukuwahi kumsikia akililia jambo hilo. Jumatano hii, tulipokuwa tunatafuta cheti chake cha kuzaliwa, tuliikuta ripoti yake ya mwisho ya shule ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, imekunjwa mara moja tu ili isikatike.

Jumatatu tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali. Alikaa hapo hadi alipostaafu, tarehe 31 Machi 2018. Chumba kile kilikuwa na boila moja, masinki manne ya saruji na dirisha refu lililokuwa na mvuke mwaka mzima. Mashuka ya kila wodi yalitiwa alama ya uzi kwenye pembe. Wodi ya upasuaji ilikuwa na uzi mwekundu, ya wazazi mweupe, ya watu wazima bluu. Yeye ndiye aliyeshona alama hizo, na mkono wake ulijulikana: mishono mitano na fundo. Akipewa sabuni mpya ya kutoa damu, alifua nayo nusu ya shuka moja na nusu nyingine akaifua kwa ile ya zamani, kisha akalianika shuka dirishani mahali muuguzi mkuu atakapopita. Sabuni mbili zilirudishwa kwa sababu ya mashuka yale. Mpiga pasi wa zamu yake, ambaye yuko hapa leo, alizoea kumwambia, "Wewe ukifa tutakuzika nusu kwanza, tuone." Marehemu alilicheka hilo kila mara alipoambiwa. Mwezi uliopita alinikumbusha nilitaje.

Kuhusu ndoa. Mwaka 1978 muuguzi mmoja alisahau saa yake ya mkono kwenye mfuko wa sare, na sare ikaingia kwenye boila. Marehemu ndiye aliyeitoa. Aliipeleka kwa fundi saa aliyekuwa na meza yake kwenye baraza, mkabala na lango la hospitali.

"Imekuwaje?" fundi akauliza.

"Imechemka."

"Dada, chai ndiyo inachemka. Saa haichemki."

"Basi hiyo imechemka dakika arobaini."

Fundi alivaa kioo chake cha kukuzia, akaifungua, akakuta maji na povu. Aliitengeneza kwa wiki tatu. Ilipotoka ilikuwa inachelewa dakika sita kwa siku. Marehemu alijua hivyo kwa kuwa kila asubuhi aliilinganisha na saa ya ukutani, akaandika kwenye kipande cha karatasi, na kila Jumamosi akampelekea fundi karatasi ile pamoja na saa yenyewe. Fundi alikuja kutuambia kwamba wiki ya tano saa ilikuwa imeshapona. Alikuwa anaichelewesha mwenyewe ili karatasi iletwe. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1979. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, miezi mitano na siku mbili, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1986 walihamia nyumba ambayo wengi wenu mmetoka asubuhi hii. Nyuma yake pana kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa saba. Hapo ndipo alipokuwa kila siku baada ya zamu. Kuanzia Januari 1994, nilipopata chumba jirani, alinikabidhi daftari kwa sababu hakupenda mwandiko wake. Yeye alihesabu, mimi niliandika. Tulijaza madaftari kumi na tisa. Ndani yake yamo maganda ya mayai na konokono, maziwa na ukungu wa majani ya maboga, vitunguu vilivyopandwa katikati ya karoti, na msimu mmoja wa redio iliyowashwa kando ya nyanya kwa kuwa kinyozi wetu alisema panzi hawapendi kelele. Panzi hawakujali. Mtu yeyote aliyekuja na ushauri, awe daktari au mpita njia, alijibiwa neno moja: "Weka nusu." Kila jaribio lilikuwa na mistari miwili. Mstari uliopata dawa ulifungwa uzi mwekundu kwenye kijiti, usiopata ukafungwa uzi mweupe. Uzi ulikuwa mabaki ya kazini. Mstari mweupe ulikuwa na sheria moja, usiguswe. Ukiliwa, uliwe. Watoto walipokuwa wadogo waliuonea huruma, naye aliwaambia, "Huo ndio unaosema kweli. Uacheni useme."

Tarehe 18 Februari 2009 familia ilimpoteza binti wa kati, akiwa na miaka ishirini na minne, baada ya siku tano za homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wodi ya watu wazima, katika hospitali ile ile alikofanya kazi mama yake. Marehemu alirudi kazini baada ya wiki mbili na akaomba jambo moja tu, asipewe furushi la uzi wa bluu. Mpiga pasi aliyesema maneno ya nusu kwanza alilifua furushi hilo badala yake kwa miaka tisa, na hakuwahi kulizungumza hadi wiki hii. Namshukuru mbele yenu.

Aprili ya mwaka ule marehemu alianza jaribio la vidukari. Vidukari ni wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani la kabichi na kulifyonza hadi likajikunja. Dawa yake ilikuwa sabuni ya mche, pilipili na kitunguu saumu, vikachemshwa, vikachujwa na kupulizwa mara mbili kwa wiki. Kabichi kumi uzi mwekundu, kumi uzi mweupe. Alihesabu kila Jumamosi alasiri. Alirudia mwaka 2010, akarudia tena 2011. Misimu yote mitatu mistari ilikuwa sawa. Mwekundu safi, mweupe safi.

Jumamosi tarehe 17 Septemba 2011, katika kikao cha majirani chini ya turubai, mbele ya kaya arobaini na moja, alisimama akasema kwamba ile dawa haina kazi, vidukari huondoka wenyewe, na watu wasijisumbue kuchemsha. Neno lake lilikuwa na uzito kwa kuwa walijua ameacha nusu.

Jirani yetu wa uzio wa kushoto alikuwa anakuza miche ya kuuza mbele ya nyumba yake. Alikuwa akipuliza dawa ile ile, waliyofundishana na marehemu. Baada ya kikao aliacha. Machi 2012 vidukari viliingia kwenye kitalu chake, na kwa kuwa aliambiwa vitaondoka, alivisubiri. Miche elfu tatu ilijikunja. Hakuja kulalamika. Aliendelea kusalimia uzioni, lakini hakuuliza tena swali lolote la mimea, na mwaka uliofuata aliacha kuuza miche. Marehemu alijisikia vibaya sana bila kujua kosa liko wapi. Daftari la kumi na mbili, tarehe 7 Aprili 2012, lina mstari mmoja: "Kwake vimekula vyote. Kwangu havikula. Sijui." Baada ya hapo hakugusa habari ya vidukari kwa miaka kumi.

Novemba 2021 alianza kuumwa tumbo na mgongo. Tarehe 11 Januari 2022 madaktari walituambia ni saratani ya kongosho na kwamba imeshasambaa. Aliuliza amebakiwa na muda gani, akajibiwa, akaniambia niandike tarehe ya mwisho. Alirudi nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa kando ya dirisha linalotazama kiwanja, na shemeji yangu, fundi saa, akahamishia meza yake ya kazi ndani ya chumba kile. Alasiri nilikuwa namsomea madaftari kuanzia la kwanza. Wakati mwingine alinisahihisha nilipokosea tarakimu, maana alikuwa anazikumbuka.

Alhamisi tarehe 17 Februari tulifika daftari la kumi na moja. Nilisoma, "Mstari mweupe, kabichi kumi, vidukari hakuna." Shemeji alivua kioo jichoni, akakiweka mezani.

"Huo mstari niliugusa," alisema.

Marehemu hakumgeukia. "Upi?"

"Mweupe. Yote mitatu, miaka yote mitatu."

"Uliugusa na nini?"

"Brashi. Ile ndogo ya kusafishia saa."

Mtu asiyemjua dada yetu angedhani angelia au kufoka. Yeye aliuliza maswali. Mara ngapi kwa wiki? Kila siku, isipokuwa siku zako za mapumziko. Saa ngapi? Ukishaondoka kwenda kazini, kabla sijafungua meza. Majani ya chini tu au yote? Yote, kwa kioo. Nami niliandika majibu, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kalamu na sikujua la kufanya na mikono yangu. Kisha akauliza kwa nini.

Shemeji alikigeuza kioo pale mezani. "Mtoto alikuwa ametuondokea miezi miwili nyuma," alisema. "Siku tano nilisimama pale wodini nikitazama, hakuna wa kuniambia shika hiki, fanya hiki. Narudi nyumbani nakuta umepanda mstari wa kufa. Sikuweza, mama. Nilijaribu kupita bila kutazama, nikashindwa."

"Na muuza miche?"

Marehemu aligeukia ukutani, na kwa siku mbili hakusema naye. Shemeji alimpa maji na vidonge, akambadilishia mito, naye alipokea bila neno. Katika miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kuona chumba kimya namna ile. Hata saa za wateja alizifunga kwenye kitambaa ili zisisikike.

Jumapili asubuhi aliniita, akamwita na mumewe akae. Alisema, "Andika." Haya ndiyo maneno yake, na ndiyo aliyoagiza yasomwe hapa:

"Mimi ninayeitwa Mama Nusu niliwaambia majirani tarehe 17 Septemba 2011 kwamba dawa ya sabuni, pilipili na kitunguu saumu haiondoi vidukari kwenye kabichi. Nilisema nikiwa na hakika. Mstari niliolinganisha nao ulikuwa unasafishwa kwa mkono, nami sikujua. Kwa hiyo nililosema halina msingi. Kama dawa inafanya kazi au haifanyi, sijui. Aliyesafisha hakumwambia mtu chochote. Aliyetangaza ni mimi. Niliona mstari usio na dawa uko safi misimu mitatu na sikuuliza zaidi, kwa sababu mwaka ule na mimi nilipenda kuona kitu kimepona. Anayetaka kukasirika anikasirikie mimi, maana siku hiyo sitaweza kubisha."

Alipomaliza alimwambia mumewe, "Kunjua uso wako huo, kuna kazi." Alinituma kwa muuza miche kuomba miche ishirini ya kabichi, kama bado anacho kitalu kidogo cha nyumbani. Muuza miche aliileta mwenyewe. Ilikuwa ishirini na miwili.

"Miwili ya nini?" marehemu akamuuliza.

"Ya kufidia. Mingine hufa njiani."

"Kaa basi. Nina neno lako la tangu zamani."

Alimweleza yote, hakuficha brashi. Muuza miche alimsikiliza akiwa ameshika trei magotini, na alipozungumza hakutaja miche ile elfu tatu. "Miaka kumi hii nilidhani ni mkono wangu," alisema. "Nilisema mkono wangu umekufa, hauoteshi tena. Ndiyo maana niliacha."

"Mkono wako hauna neno, dada. Nisamehe."

Kisha muuza miche akasema, "Mimi nimesikia. Wale wengine waliokuwa kikaoni je?" Hapo ndipo marehemu alipoamua kwamba masahihisho yasomwe siku watu watakapokuwa wengi na hakuna anayeweza kuondoka katikati.

Jumamosi tarehe 5 Machi miche ilipandwa. Marehemu alielekeza kwa kidole kupitia dirishani, muuza miche akapanda, mimi nikafunga uzi. Kumi mwekundu, kumi mweupe, na ile miwili pembeni bila uzi. Hesabu ingefanyika Jumamosi ya tarehe 14 Mei, baada ya wiki kumi. Sote tuliokuwa chumbani tulijua tarehe ya daktari iko kabla ya hiyo. Alimwita mumewe karibu.

"Huu usiuguse."

"Sitaugusa."

"Nitakuwa nakuona hapa."

"Najua."

"Na nisipokuwepo pia."

Shemeji aliitikia kwa kichwa.

Vidukari viliingia wiki ya nne. Mwekundu ulipulizwa Jumatano na Jumamosi. Mweupe uliachwa. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 21 Aprili nilimkuta shemeji amechuchumaa mbele ya mstari mweupe, kioo jichoni, mikono ameikutanisha nyuma ya mgongo. Brashi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, kwa kuwa hutoka nayo hivyo kila siku.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Nawatazama wanavyokula."

Nilichuchumaa naye. Alinionyesha kwa kidevu, akasema, "Wanaanza na jani changa. Nilikuwa sijui, maana sikuwahi kuwaacha wafike." Dirishani marehemu alikuwa ameamka, anatutazama.

Jumatatu tarehe 9 Mei alizungumza mara ya mwisho kwa ufahamu. Hakuweza tena kuinua kichwa, na shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mweupe ukoje?" aliuliza.

"Umekwisha, mama. Umejikunja wote upande wa ukutani."

"Hukuugusa?"

"Sikuugusa."

Alimshika mkono, akapapasa vidole vyake kimoja kimoja kama anayehesabu, akasema, "Pole. Najua ilikuwa kazi kubwa kwako."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Mei 2022, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne, mwezi mmoja na siku ishirini na nane. Mumewe alisimamisha saa ya ukutani. Alasiri aliiwasha tena na kuirekebisha, akasema marehemu hangependa saa isiyosema kweli.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza shemeji kama niondoe habari ya brashi katika wasifu huu. Niliona ni aibu kumsomea mtu kosa lake akiwa amesimama kando ya jeneza la mke wake. Alifikiri hadi Jumatano, kisha akaniambia, "Soma yote. Ukiacha nusu, usiache hiyo."

Karatasi mlizonazo zilichapishwa Alhamisi, kwa hiyo mahali hapa pana mistari miwili iliyoachwa wazi. Hesabu imefanyika leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tarehe aliyoipanga mwenyewe, kabla hatujamtoa nyumbani. Tuliohesabu ni muuza miche na mimi. Mwenye kalamu ajaze.

Mstari wa uzi mwekundu: kabichi kumi. Zilizofunga vizuri tisa. Yenye vidukari moja, kwenye majani ya nje.

Mstari wa uzi mweupe: kabichi kumi. Iliyofunga moja. Zilizojikunja bila kufunga tisa.

Dawa inaonekana kufanya kazi. Naandika "inaonekana" kwa sababu huu ni msimu mmoja, na marehemu hakukubali jambo chini ya mitatu. Misimu miwili iliyobaki muuza miche ameomba aifanye kwake. Asubuhi hii, mbele ya watoto wa marehemu, amekabidhiwa vibonge vya uzi vilivyobaki, mwekundu na mweupe, pamoja na daftari la ishirini, ambalo bado ni jeupe.

Marehemu ametanguliwa na baba na mama yetu, na binti yake wa kati, ambaye marehemu analazwa leo kando yake. Ameacha mume, fundi saa; mtoto wa kwanza wa kiume, mpaka rangi, na mke wake; mtoto wa mwisho wa kike, mwalimu wa chekechea, na mume wake; wajukuu wanne; kaka mmoja, dada mmoja, na mimi mdogo wao niliyesoma. Ameacha pia wenzake wa chumba cha kufulia na majirani wa uzio wa kushoto na wa kulia.

Tukitoka hapa mnakaribishwa nyumbani. Wengi mtapita nyuma kunawa mikono, na mtauona mstari mweupe mbele ya dirisha lake, majani yamejikunja na kugeuka kijivu. Mtatamani kuung'oa, au kuupangusa, kwa sababu unatia huzuni kuutazama. Naomba msifanye hivyo. Mtu mmoja anayempenda kuliko sisi sote amekaa siku sitini na sita akiutazama bila kuunyoshea mkono, na hiyo ndiyo heshima ya mwisho aliyompa.

Alale kwa amani dada yetu, na mstari wake uachwe ulivyo.